Flanji na viungo vya stenlesi: mabomba yanayobeba ombwe

Flanji ni duara nene la chuma linalochomelewa kwenye mdomo wa bomba ili bomba hilo liungwe na jingine kwa bolti au kwa kibano. Mafundi wa maji wanaifahamu vizuri. Zipo kwenye mabomba makubwa ya maji jijini Mwanza, zipo kwenye injini za vivuko, na hata mkulima mwenye pampu ya petroli kando ya ziwa anayo ndogo pale mpira unapoingia kwenye pampu. Makala hii inahusu ndugu zao ambao hatuonani nao mara kwa mara: flanji na viungo vya stenlesi kwa ajili ya mabomba ambayo ndani yake hakutakiwi kuwa na kitu chochote, hata hewa.

Tumeiandika kwa sababu maswali yanayotufikia kutoka Busisi, Kamanga na vijiji vingine vya Sengerema yanaligusa jambo hili bila kulitaja jina. Kwa nini pampu inanguruma lakini maji hayaji, na hakuna hata tone linalovuja? Kwa nini fundi friji anakaa muda mrefu akinyonya hewa kabla ya kujaza gesi? Mgonjwa wa saratani anawezaje kuambiwa asubiri kwa kuwa mashine ya mionzi inavuja, wakati mashine yenyewe haibebi maji? Maswali yote matatu yana jibu moja, nalo ni ombwe.

Hewa ya Busisi ina uzito gani

Ombwe ni nafasi iliyoondolewa hewa. Ili kulielewa, lazima kwanza tukubali kwamba hewa ina uzito na inatugandamiza pande zote. Pwani, kwenye usawa wa bahari, mgandamizo huo ni takriban milibari 1,013. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyo juu yetu ni pungufu kidogo, na mgandamizo wake ni karibu milibari 880. Hiyo ni sawa na gramu 900 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yako, ya paa lako na ya uso wa ziwa.

Sasa turudi kwa mkulima wa nyanya na pampu yake. Tumezoea kusema pampu "inavuta" maji. Ukweli ni kwamba pampu inaondoa hewa ndani ya mpira, kisha hewa ya nje inayogandamiza uso wa ziwa ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Kwa mgandamizo wa huku kwetu, hewa haiwezi kuyapandisha maji zaidi ya mita 9 kwenda juu, hata ukileta pampu ya bei gani. Kwa kazi ya kawaida usitegemee zaidi ya mita 6 au 7. Wachimba visima wa Italia walikumbana na kikomo hiki karne ya 17, na Evangelista Torricelli ndiye aliyeeleza sababu yake katika miaka ya 1640 kwa kutumia mrija wa zebaki. Mwenye shamba lililo juu ya mwinuko aiteremshe pampu karibu na maji, halafu aisukumishe kwenda juu. Kusukuma hakuna kikomo hicho.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalowapotezea watu msimu. Upande wa kusukuma, kiungo kibovu kinatema maji na kila mtu anakiona. Upande wa kuvuta, kiungo kibovu kinaingiza hewa. Hakuna tope, hakuna tone, injini inalia vizuri, na mche unakauka. Watu wamefungua injini na kununua vipuri visivyohitajika, kumbe shida ni gasketi ya tyubu ya baiskeli iliyopasuka kwenye flanji ya kuingilia. Namna ya kuipata ni rahisi: pampu ikiwa inazunguka, paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo cha upande wa kuvuta. Mahali povu linapofyonzwa kuelekea ndani, hapo ndipo penye tundu. Wengine humwagia maji kiungo kimoja baada ya kingine na kusikiliza. Mlio ukibadilika na maji yakaanza kuja, umempata mchawi wako.

Tumelianza hapa kwa makusudi. Anayeelewa kwa nini pampu yake inaingiza hewa bila kuvuja maji, ameshaelewa zaidi ya nusu ya kazi ya flanji za ombwe.

Kutoka ngozi ya mnyama hadi shaba

Kiungo cha kwanza maarufu cha ombwe kilitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1650. Otto von Guericke, aliyekuwa meya wa mji wa Magdeburg, alichukua mabakuli mawili makubwa ya shaba, akaweka kati yake pete ya ngozi iliyolowekwa nta, akanyonya hewa iliyokuwa ndani. Farasi waliofungwa pande mbili walivuta na wakashindwa kuyatenganisha. Hapakuwa na bolti wala gundi, ilikuwa ni hewa ya nje tu inayobana. Pete ile ya ngozi ndiyo babu wa gasketi zote tutakazozitaja.

Nguvu ya kubana inaweza kukokotolewa. Flanji yenye tundu la sentimita 10, ikifungwa hapa Busisi na hewa yote ya ndani ikaondolewa, inagandamizwa na hewa ya nje kwa nguvu ya karibu kilo 70, uzito wa mtu mzima. Nguvu hiyo haizidi hapo. Ukiondoa hewa vizuri zaidi, hata mara milioni, unaongeza gramu chache tu. Bomba la maji ya mjini linaweza kubeba mgandamizo mara kadhaa ya huo. Kwa hiyo flanji ya ombwe haipati shida ya kupasuka kama ya maji. Shida yake ni kwamba inatakiwa kuzuia kuvuja kwa kiwango ambacho bomba la maji halijawahi kuota.

Angalia ngazi zake. Fundi friji mwenye pampu nzuri anafika chini ya milibari 1, na kwa friji hiyo inatosha. Ombwe la juu, lile linalohitaji viungo maalumu vya stenlesi, linaanzia sehemu moja ya elfu ya milibari na kushuka. Mashine nyingi za utafiti zinafanya kazi kwenye sehemu moja ya milioni ya milibari. Hapo hewa iliyobaki ni kama moja ya bilioni ya ile tunayovuta puani, na bado katika kila sentimita moja ya ujazo zimo chembe za hewa zipatazo bilioni 24. Tofauti ni kwamba sasa zina nafasi. Katika hewa ya kawaida chembe haiendi hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na nyingine. Katika ombwe hilo inaruka zaidi ya mita 60. Ukitaka kurusha elektroni moja kwa moja bila kuzuiwa, hilo ndilo unalolinunua.

Kwa nini stenlesi

Stenlesi ya kazi hii ni ile ile ya sufuria nzuri na sinki: chuma chenye kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 au zaidi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ndiye anayetajwa sana kwa kuianzisha mwaka 1913, ingawa chuma chake cha kwanza hakikuwa na nikeli hiyo. Kromiamu hutengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe. Kwa mtu wa jikoni, faida ni kutoshika kutu. Kwa fundi wa ombwe kuna faida kubwa zaidi: haitoi hewa nyingi.

Hapa watu wengi hushangaa. Vitu vigumu hutoa hewa. Kutu hushika maji kama sponji. Plastiki ya bomba la maji hutoa mvuke kwa miezi. Bomba la gavanaizi limepakwa zinki, na zinki ikipata joto ndani ya ombwe huanza kugeuka mvuke na kupaka kila kilichomo. Shaba ya njano, ile ya koki, ina zinki pia. Hata alama ya kidole chako ina mafuta ya kutosha kumchelewesha fundi siku nzima, ndiyo maana hushika flanji hizi kwa glavu safi. Stenlesi yenyewe hushika unyevu juu ya ngozi yake, lakini unaweza kuipasha joto la nyuzi 150 hadi 250 huku pampu ikinyonya, unyevu ukatoka, na chuma kikabaki kilivyo.

Kuna kosa jingine ambalo mafundi wetu wa kuchomelea wangelifanya bila kujua, kwa sababu kwa maji si kosa. Bomba la maji huchomelewa nje. La ombwe huchomelewa ndani, kwa gesi ya agoni, ili pasibaki mfereji mdogo kati ya bomba na flanji. Mfereji ule ukibaki, hewa iliyonaswa humo hutoka polepole kwa wiki nzima, na mtu atatafuta tundu ambalo halipo. Kwa sababu hiyo hiyo bolti inayoingia kwenye tundu lisilotokeza upande wa pili, ikiwa ndani ya chombo, hutobolewa katikati ili hewa ya chini yake ipate njia.

Aina tatu, na jinsi ya kuzitambua

Aina ya kwanza ni ndogo na mafundi huiita KF, kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya flanji ndogo. Nyuso zake mbili ni laini kabisa. Katikati huwekwa pete ya chuma iliyovaa oringi ya mpira, kisha kibano huzungushwa na kukazwa kwa nati ya masikio, kwa mkono tu. Saizi zake ni 10, 16, 25, 40 na 50, ambazo ni takriban kipenyo cha ndani kwa milimita. Inafungwa na kufunguliwa kwa sekunde chache, na tunadiriki kusema ndiyo inayofaa zaidi kwa fundi anayeanza.

Mabomba yakizidi hapo, kuanzia milimita 63, hutumika aina ya ISO. Wazo ni lile lile la pete na oringi, ila hubanwa kwa kucha kadhaa za chuma kuzunguka duara. Hatuna mengi ya kusema juu yake.

Aina ya tatu ndiyo yenye hadithi. Inaitwa CF, na ilibuniwa na William Wheeler na wenzake katika kampuni ya Varian ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpira una mipaka: ukifika nyuzi 150 hivi unaanza kuchoka, na siku zote unapitisha hewa kidogo. CF haina mpira. Kila flanji ina ukingo mkali kama wa kisu uliozungushwa ndani ya bonde, na kati ya visu viwili huwekwa pete bapa ya shaba nyekundu iliyo safi sana. Ukikaza bolti, visu vinazama kwenye shaba, shaba inafinywa na kujaza kila mkwaruzo wa chuma. Kiungo hicho kinavumilia nyuzi 450 bila kuvuja. Pete ya shaba hutumika mara moja tu. Ukifungua, unaitupa na kuweka mpya, na anayejaribu kubana matumizi hapo atatumia mara tatu ya gharama kwa muda wa kutafuta uvujaji.

CF ya saizi 40 ina upana wa nje wa milimita 70 na bolti 6. Ya 63 ina bolti 8, ya 100 ina bolti 16. Kanuni ya kukaza ni ile ya nati za gurudumu la gari: kaza kidogo moja, nenda ya upande wa pili, rudi, zunguka mara kadhaa hadi nyuso zikutane. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, kisu kinazama upande mmoja na kiungo kimeharibika. Bolti za stenlesi ndani ya nati za stenlesi zina tabia ya kung'ang'aniana mpaka ukate kwa grenda, kwa hiyo nyingi hupakwa fedha kwenye meno.

Tahadhari moja kwa wanaofanya kazi kwenye viwanda vya maziwa, bia na soda: vile vibano vya stenlesi vya mabomba ya vinywaji vinafanana mno na KF. Si kitu kimoja. Cha vinywaji kina mfereji uliochongwa kwenye uso wa flanji ili gasketi ikae humo. KF haina mfereji. KF ya 25 ina upana wa milimita 40 na ya 40 ina milimita 55, wakati kibano cha kawaida cha vinywaji cha inchi moja na nusu kina milimita 50 na kitu. Muuzaji anaweza kukuambia kwa nia njema kwamba "zinaingiliana". Chukua rula.

Mahali ombwe linapotugusa

Vitu vingi vya nyumbani vimepita ndani ya chombo chenye flanji hizi kabla ya kutufikia. Rangi ya bluu ya sola nyingi zilizo kwenye mapaa ni utando mwembamba uliowekwa ndani ya ombwe ili mwanga usirudishwe. Ule mng'ao wa ndani ya pakiti ya biskuti ni alumini iliyogeuzwa mvuke ndani ya ombwe ikatua kwenye plastiki. Chupa ya chai, iliyotokana na kazi ya James Dewar mwaka 1892, ina ombwe kati ya kuta zake mbili. Ukimimina chai na ukuta wa nje ukapata moto, ombwe limekwisha na hakuna wa kukutengenezea. Matangi makubwa ya oksijeni ya maji maji, yanayotunza oksijeni kwenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, ni chupa za chai zilizokuzwa.

Hapa nchini, Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetumia vyombo vya ombwe kwa miaka mingi kutengeneza na kupima tando za kutumia nishati ya jua. Lakini mahali ambapo jambo hili linakuwa la uhai ni hospitalini.

Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, imetumia mashine ya kobalti kutibu saratani kwa mionzi. Kobalti hutoa mionzi yenyewe, haihitaji ombwe, lakini inachoka: baada ya miaka mitano na kidogo nguvu yake inabaki nusu, matibabu ya kila mgonjwa yanachukua muda mrefu zaidi, na lazima chanzo kipya kiagizwe nje. Aina nyingine ni mashine inayorusha elektroni ndani ya mrija wenye ombwe la juu hadi kukaribia kasi ya mwanga, zikagonga chuma na kutoa mionzi. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, inazo. Hii haichoki kama kobalti, na ukizima, mionzi inakoma. Inachodai ni umeme wa uhakika na ombwe lisilovuja. Pampu yake ndogo ya ombwe hutakiwa kufanya kazi hata usiku mashine ikiwa imezimwa. Umeme ukikatika muda mrefu, ombwe linaharibika taratibu, na kulirudisha kunachukua muda ambao mgonjwa anauhesabu.

Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Mgonjwa wa Sengerema aliyekuwa akisubiri kivuko sasa anavuka kwa dakika chache. Tunadhani swali linalofuata ni la mafundi: anapofika, nani atakuwepo wa kutafuta uvujaji? Kazi hiyo hufanywa kwa kunyunyiza gesi ya heliamu kidogo kidogo kwenye kila kiungo kutoka nje, huku chombo maalumu kikinusa ndani. Chembe za heliamu ni ndogo na hupita tundu lolote. Ni povu la sabuni la mkulima wetu, limekuwa kali mara mamilioni.

Mtu aliye karibu zaidi na ujuzi huo mkoani kwetu ni fundi friji mzuri. Anajua kwamba kwenye joto la nyuzi 25 maji huchemka yenyewe mgandamizo ukishuka hadi milibari 32 hivi, na ndiyo maana anaiacha pampu inyonye muda mrefu: anakausha unyevu ambao ungeganda kwenye mrija mwembamba au kutengeneza asidi kwenye mafuta ya kompresa. Anayemaliza kwa dakika tano anakuuzia friji ya miezi mitatu. Kwa wenye majokofu ya samaki na kwa zahanati zenye friji za chanjo, muulize fundi amenyonya kwa muda gani, na amesubiri kuona kama kipimo kinapanda baada ya kuzima pampu.

Mawili ya usalama. Viungo na mabomba ya oksijeni havipakwi grisi wala mafuta kamwe, hata kama vimekwama, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo yanaweza kuwaka ghafla. Na usijaribu kunyonya hewa kwenye chupa ya kioo ya kawaida au pipa jembamba: pipa litajikunja na kioo kitapasukia ndani, kisha vipande vyake vitakurukia.

Kwa wanaonunua chuma chakavu: stenlesi yenye nikeli haishikwi na sumaku, au inashikwa kidogo sana pale ilipokunjwa. Ukikuta flanji nzito yenye ukingo mkali uliojificha ndani ya bonde, usiirushe kwenye rundo. Mkwaruzo mmoja kwenye kisu kile unaiondolea kazi yake, na thamani yake ikiwa nzima ni kubwa kuliko bei ya kilo.